Ruhusa ya Kuketi

Mjukuu wangu alipomaliza matibabu ya saratani ya damu, daktari alituambia ugonjwa hauonekani tena. Tulishukuru, tukachinja jogoo. Lakini mtoto wa miaka saba alikuwa amerudi Kiganjo na miguu isiyomsikia. Dawa zilikuwa zimedhoofisha misuli yake. Vidole vya miguu viliburuzika chini, na akiketi sakafuni ilibidi ainuliwe kwa kushikwa makwapani. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisema wazi: darasa la kwanza limejaa, hakuna wa kumnyanyua. Akija Januari, awe anainuka mwenyewe.

Nyumbani tulimpenda vibaya. Shangazi yake alimbeba mgongoni hadi msalani. Mimi, niliyefundisha watoto wa mtaa dini kwa miaka mingi, nilimpa ruhusa ya mgonjwa: aswali ameketi kwenye kiti.

Kila wiki nilimpeleka Thika mjini kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Alimtaka atembee kwa visigino, achuchumae, ainuke. Mtoto alilia tu. Siku moja yule mama akamuuliza nyumbani hufanya nini.

"Naswali na babu. Yeye anasimama, mimi naketi."

Yule mama, Mkristo wa Kikuyu asiye na maneno mengi, akanigeukia, akaniita babu kwa lugha yake. "Guka, ni nani alisema aketi?"

"Dini inamruhusu."

"Inamruhusu ama inamlazimisha?"

Mimi mwenye vitabu niliijua hukumu yenyewe. Ruhusa hudumu kadiri udhaifu unavyodumu, na sikuwahi kumpima udhaifu wake hata siku moja. Nikamwonyesha yule mama, palepale kwenye mkeka wake, jinsi tunavyoinuka kutoka kusujudu.

"Haiya! Si hii ndiyo nimekuwa nikimwomba! Asishike kitu, guka. Wewe simama nyuma yake umdake."

Tulianza na swala ya alasiri peke yake. Alianguka kwa ubavu, nikamdaka. Jirani akachungulia dirishani: "Mzee, kwani huna huruma?"

Tulipomaliza kuswali, mtoto akanitazama. "Babu, mbona wewe ukiinuka unashika ukuta?"

"Mimi ni mzee."

"Na mimi ni mgonjwa. Basi tuache wote."

Tukaacha wote kujishikiza. Wiki za kwanza nilitoka jasho jingi kuliko yeye. Kisha ikaja siku akainuka rakaa moja bila mkono, halafu mbili, na magharibi ikaongezwa.

Januari mwalimu mkuu alimwambia, "Keti chini, nione."

Akaketi kwenye simiti.

"Inuka."

Akainuka, akajipangusa sketi.

"Tena."

Akainuka polepole, goti la kushoto likitetemeka.

"Na tena."

"Mwalimu, sasa inuka wewe."

Mwalimu mkuu alicheka hadi akavua miwani, kisha akaandika jina la mtoto kwenye rejista. Nimeona wanafunzi wangu wakihifadhi juzuu nzima ya Kurani, nikafurahi kwa kiasi. Asubuhi ile, Mola anisamehe, nilijaa fahari na wala sikujaribu kuificha.