Pale Mama Asipopafagia

Harufu ya karafuu hunisimamisha nilipo. Juzi tu, hapa Bugene, Karagwe, mkwe wangu alitia punje kadhaa kwenye chai ya wageni, na kabla sijainua kikombe nilikuwa nimesharudi kwenye nyumba yetu ya nyasi karibu na Nkwenda, siku baba yangu aliporudi kutoka Unguja na sanduku la bati lililonuka karafuu mpaka kwenye mishono ya nguo. Mkwe akaniuliza kama chai ina kasoro. Nikamwambia haina. Ninyi nitawaeleza, maana yeye ana haraka, na jambo hili halitaki haraka.

Baba, Petro, alikuwa mpishi. Mzungu aliyekuwa akimpikia alihamishiwa pwani, kisha Unguja, naye akamfuata. Mimi wakati huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na kaka yangu Anatoli ndiyo kwanza anajifunza kukimbiza ndama. Anatoli hakumwona baba tena. Homa ilimkamata msimu wa mvua, meno yake ya mbele yakiwa yameanza kung'oka, na haikumkawiza. Alizikwa nyuma ya nyumba, kibanjani, katikati ya migomba na mibuni, kama tulivyozoea kuwazika watu wetu. Mama alipanga mawe madogo kulizunguka kaburi. Kila asubuhi alifagia uwanja, akaingia kibanjani, akafagia mpaka ukingoni mwa yale mawe bila kuyavuka, kisha akatandika nyasi mbichi juu ya kaburi, kama tulivyotandika ndani ya nyumba tukitarajia mgeni. Nilikua nikidhani kila nyumba ina mtoto anayelala nje.

Habari za msiba zilimfikia baba huko huko kisiwani. Miaka ikapita ndipo akaja, amevaa kofia, anatembea kama mtu anayeogopa kuchafua viatu. Majirani wakajaa. Akawaeleza juu ya maji yanayotoka ukutani, taa zisizotaka mafuta, na bahari inayoondoka na kurudi bila kuitwa na mtu. Mzee mmoja alimuuliza kama ng'ombe wa huko nao hunywa maji ya chumvi, na baba akacheka mpaka akapaliwa. Lakini walipompa pole ya Anatoli alisema tu, "Ni mapenzi ya Mungu," akaendelea na habari za samaki. Siku zote alizokaa hakukanyaga kibanjani nyuma ya nyumba. Hata ndizi alituma mtu akakate. Na wakati kijiji kizima kilimwita mama yangu Mama Anatoli, yeye alianza kumwita Mama Koku, kwa jina langu mimi.

Jioni moja tulikuwa mekoni. Bibi, mama yake baba, alikuwa akimenya ndizi.

"Mama Koku, tujiandae," baba alisema. "Nimepata chumba, si mbali na bahari. Koku atasoma shule nzuri."

"Na mtoto?" mama akauliza.

"Si nimesema Koku atasoma?"

"Nakuuliza mtoto, Baba Anatoli."

Baba akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Bibi akamwambia mama bila kuinua uso, "Nenda, mwanangu. Umekaa peke yako vya kutosha. Huyu nitamfagilia mimi."

Siku zilizofuata nilimwona mama akifunga mzigo asubuhi na kuufungua jioni. Upande mmoja kulikuwa na mume aliyemsubiri ujana wake wote, upande mwingine mtoto asiyeweza kuhama. Mwishowe akafunga mzigo na asiufungue. Tukapanda lori la kahawa mpaka Bukoba, kisha meli, kisha treni, kisha meli nyingine, na mimi nikatapika katika kila kimoja bila upendeleo.

Unguja niliipenda mara moja. Tulipanga chumba Ng'ambo, kwa mjane mmoja aitwaye Bi Zuwena, mwanamke mnene mwenye vitumbua vilivyoniita kabla sijafumbua macho. Watoto walinicheka niliposema "kurara" badala ya "kulala," nami nikawasimulia jinsi tunavyokaanga senene, panzi wa kwetu, wakapiga kelele za kuchukizwa na kutaka nisimulie tena. Alasiri tulikimbilia ufukweni. Miguu yangu iliyozoea tope jekundu ilizama kwenye mchanga mweupe, nikaapa sitarudi bara.

Mama hakulalamika. Alifua, akapika, akajifunza kukuna nazi. Na kila asubuhi alifagia uwanja wa nyuma, uwanja mpana wa mchanga wenye mlango wa uani mwishoni.

"Mama Koku," Bi Zuwena alimwambia siku moja, "wewe mwanamke msafi, lakini mbona pale kila siku unaparuka?"

"Wapi?"

"Pale."

Mama akatazama. Nami nikatazama. Katikati ya mchanga uliochorwa vizuri na ufagio palikuwa na mahali pamebaki na majani makavu na manyoya ya kuku. Kingo zake zilikuwa safi, kama zimekatwa kwa kisu. Urefu wake ulikuwa urefu wa mtoto.

"Sikupaona," mama alisema taratibu.

Kesho yake alifagia kama kawaida, na mahali pale pakabaki vile vile. Bi Zuwena hakuuliza tena. Alisoma dua kimoyomoyo, na tangu siku hiyo hakuanika mchele wake upande ule. Sisi watoto tukaacha kuruka kamba pale, ingawa hakuna aliyetukataza. Mimi nilikuwa najua pale ni nini. Nilijua kama mtu anavyojua kitu ambacho hataki kukitamka.

Kisha nikamwona baba. Alizoea kutoka mlangoni na kukata moja kwa moja hadi mlango wa uani. Alasiri moja, akienda kazini, alitembea moja kwa moja, halafu akapinda, akapazunguka, akaendelea. Hakutazama chini. Kuanzia siku ile alipazunguka kila alipopita, na mama alimwona kutoka jikoni.

Tulikaa hivyo mpaka baharia mmoja wa Bukoba alipotuletea habari kwamba Bibi amefariki, tena ameshazikwa. Baba akaomba ruhusa. Tukaacha vyombo kwa Bi Zuwena, nikaaga marafiki nikiwaambia wanitunzie nafasi kwenye mchezo.

Tulipofika Nkwenda waombolezaji walikuwa wamekaa uwanjani. Mama hakusalimu mtu. Alitua mzigo, akapita ndani, akatokea nyuma. Mvua zilikuwa zimenyesha na mwenye kufagia hakuwepo. Magugu yalifika kiunoni. Alama ya kaburi ilikuwa mgomba mmoja mkubwa upande wa kichwa, lakini mgomba ukishakatwa, machipukizi huota pembeni, na baada ya misimu michache kibanja kina sura nyingine kabisa. Alizunguka akipasua magugu kwa mikono. Nilimsikia akisema, kwa sauti ambayo bado naisikia hadi leo, "Hayupo. Baba Anatoli, hayupo."

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kofia mkononi. Nikamwona akianza kutembea. Alikwenda moja kwa moja, halafu akapinda, akazunguka nusu, akasimama.

"Ni hapa," alisema.

"Wewe hujawahi kufika huku."

Baba akapiga magoti, akang'oa magugu. Jiwe likatokea. Kisha lingine. Mama akaja akakaa chini kando yake.

"Aliniita?" baba akauliza.

"Alikuita. Nilimwambia uko njiani."

Baba aliingiza vidole vyake kwenye udongo, akavishikilia humo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu waliokuja kutuita tukale, walipoona, wakarudi kimya.

Hatukurudi Unguja. Baba alichukua jembe siku ile ile, akapalilia mpaka giza likamzuia, na sijamsikia tena akitaja meli. Mimi nililia kwa ajili ya bahari kwa majuma mengi, nikiamini kwamba mama alishinda, kwamba kijiji kiliushinda mji.

Nilikuja kuelewa mengine nikiwa mama mwenyewe. Kwamba mama, akisimama kwenye mlango wa Bi Zuwena, alikuwa anafagia nyumbani kwetu bila kujua, umbali ule ule, upande ule ule, na baba akalijifunza kaburi la mwanawe kwa miguu. Lakini jambo lililobaki likinisumbua hata uzeeni ni jingine. Baba hakuipendea Unguja maji ya bomba wala taa. Pale hapakuwa na mtu wa kumpa pole. Akiwa peke yake kule, aliweza kuamka asubuhi na kuamini kwamba nyumbani Karagwe ana mwana anayekua.

Sisi tulipomfuata, tulimpelekea kaburi.