Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Kuna mteremko mmoja njia ya Mashewa ambao nikiukaribia, mpaka leo, viganja vinalowa jasho kabla sijauona. Naujua kwa kona inayoutangulia. Hapo nashusha gia mapema, nanyamaza, na kama aliye pembeni yangu anaongea namwambia ngoja kwanza.

Mimi si mwoga. Waulize Handeni. Nimeishia darasa la nne, na kwa darasa hilo la nne nimenunua mashine ya kusaga, nimenunua lori la machungwa, nimejenga nyumba ya bati la rangi wakati wenzangu waliofika sekondari bado wanapanga chumba na sebule. Nimeshafukuzwa na nyuki, na mafuriko, na watu wa kodi. Lakini mteremko ule umenishika, na lililonifikisha pale ni gari nililolitafuta mwenyewe kwa mikono yangu.

Ni landrova ya zamani, ile ambayo taa zake zimekaa karibu karibu katikati ya uso. Ilikuwa ya shamba la mkonge. Baba yangu aliletwa bonde hili kukata mkonge, manamba, yaani kibarua wa mkataba, akitokea mbali, na landrova kama hiyo ndiyo iliyompitisha nyapara mkuu kwenye mistari asubuhi. Baba alikuwa akiisikia inanguruma kwa mbali anainama zaidi, asionekane anapumzika. Alinisimulia hivyo akiwa mzee, na hata akisimulia alikuwa anainama.

Basi nilipoikuta nyuma ya gereji moja Korogwe, majani yametokea kwenye sakafu na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, roho ilinidunda. Fundi aliyekuwa anaiuza alinitembeza kuizunguka.

"Injini hii, mzee, hata ukiitia maji ya muhogo inawaka."

"Na breki?"

"Breki zipo. Ila ni za kupampu. Ukikanyaga ya kwanza inakusikia, ya pili inafikiria, ya tatu inashika."

Nilicheka. Nikaona gari lina akili.

"Gia ya pili nayo inaruka kidogo," akaendelea. "Unaishikilia kwa mkono, haina neno. Na hendibreki ukiivuta, usiiachie. Meno yake yameisha, inarudi."

Mtu mwenye busara angeondoka. Mimi nilisikia tu kwamba gari hili linataka mwanamume, na mwanamume nikajiona ni mimi.

Raha yake nisiwafiche. Ukiwa juu ya kiti kile unaona mbali, unaona boneti lote limelala mbele yako, na injini unaisikia miguuni. Kijana mwenye gari jipya la kioo cheusi anapita, hakuna anayegeuka. Napita mimi, watu wanaacha chai. Siku moja mzee aliyekata mkonge ujana wake wote alisimama kando ya barabara akavua kofia, kwa mazoea tu ya kusikia mlio. Nilipomfikia akaniona usoni, akairudisha kofia kichwani kwa hasira.

"Kumbe wewe! Nimemvulia kofia mtoto wa manamba mwenzangu!"

"Shikamoo, mzee!"

"Shikamoo yako kaa nayo!"

Nilipiga honi mpaka nikafika mjini. Sijui kama siku ya harusi yangu nilifurahi vile.

Mke wangu alilizunguka mara moja, akalipiga teke tairi. "Hilo panda mwenyewe. Mimi nina watoto wa kulea."

Sasa niwaeleze habari ya ukwe, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyotaka kufa. Mke wangu kwao ni Kwamndolwa, ukoo wa zamani, watu wa kushika desturi. Kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawakai kiti kimoja, hawapeani kitu mkononi, na ukiondoa salamu hawasemeshani ana kwa ana. Neno lipitie kwa mtu wa tatu. Mtoto wa kubebwa anatosha. Unamwambia mtoto, mwenyewe anasikia. Akikosekana mtoto, hata kuku au kitu kinatosha.

Hata wenyeji wengine siku hizi wanalegeza. Mimi siwezi. Siku ya posa, mjomba wa mke wangu alisema mbele ya mkeka mzima, "Watu wa kuja hawa, hawajui mkwe." Neno lile lilinikaa. Nikaapa kwamba nitamheshimu mkwe kuliko mwenyeji yeyote. Nimemjengea nyumba, nimemvutia maji mpaka jikoni, na miaka yote hiyo sura yake nilikuwa naijua kwenye picha tu.

Siku yenyewe, mdogo wake mama mkwe, anayekaa Mashewa, alikuwa anaozesha. Mke wangu alikwisha tangulia kusaidia jikoni. Mimi nikajitolea kumpeleka mama mkwe kwa landrova, afike shughulini watu wakiona. Shemeji aliyekuwa akae kati yetu aliamka na homa. Wakasema tuahirishe. Nikasema ya nini? Mama atakaa nyuma, chini ya turubai, mimi mbele, na jogoo wa zawadi yupo kwenye tenga. Jogoo anatosha.

Akapandia nyuma, kwenye benchi la pembeni. Nikasubiri nimegeukia ukuta mpaka akae.

Hatujaenda mbali, nikasikia, "Jogoo, muulize mwenye gari, kiti hiki kina msumari?"

"Jogoo, mwambie mama hiyo ni springi. Asogee kushoto."

"Jogoo, mwambie kushoto hakuna kiti."

Nikakaza usukani, aibu imenishika. Nikajaribu kurudisha heshima. "Jogoo, mwambie mama, gari hili alikuwa anapanda mzungu wa shamba."

"Jogoo, mwambie ndiyo maana akaliacha."

Nilisikia anacheka ndani ya kanga. Nikafurahi. Nikaona safari imekubali.

Ndiyo maana pale kwenye kona sikushusha gia. Nilitaka asikie injini inavyoimba kwenye ya tatu. Tukatokea juu ya mteremko, na chini kabisa nikaona ni siku ya gulio. Watu wamejaa mpaka barabarani. Mafungu ya nyanya yamepangwa juu ya magunia ukingoni, bodaboda zimejipanga, mwanamke amebeba beseni kichwani anavuka taratibu, hana haraka na mtu.

Nikakanyaga breki. Ya kwanza ikanisikia. Ya pili ikafikiria. Ya tatu, pedeli ikaenda chini mpaka kwenye bati, ikalala huko huko.

Nikapampu. Nikapampu tena. Mguu ulikuwa unakanyaga hewa. Nikalazimisha gia ya pili, ikalia, ikaingia, na mara ikataka kutoka. Nikaishikilia kwa mkono wa kushoto kwa nguvu zote. Mkono wa kulia uko kwenye usukani. Gari likapunguza kidogo, kisha uzito wake ukaanza kutusukuma. Hendibreki iko pale karibu na goti langu, naiona, na sina mkono wa kuivutia. Nikiachia gia, inaruka, tunakwenda bure. Nikiachia usukani, kushoto ni korongo.

Nilihitaji mkono wa tatu, na ulikuwepo, nyuma yangu, umekunjwa ndani ya kanga.

Na mimi nikasema, "Jogoo."

Wallahi ndivyo nilivyosema. Mauti yako mbele yangu yamebeba beseni, na ulimi wangu ukaenda kwa jogoo.

"Jogoo, mwambie mama, kama hatachukia, kuna chuma hapa mbele..."

"Jogoo, muulize, chuma gani?"

"Jogoo, mwambie ni kile kirefu, kilichosimama hapa, namwomba kama ataweza, kwa heshima..."

"Jogoo, mwambie asimamishe gari tuongee vizuri."

"Jogoo, mwambie halisimami!"

Nilisikia tu upepo kwenye turubai na jogoo mwenyewe akilia kwenye tenga. Chini, watu walikwisha anza kugeuza shingo. Nilimwona mtu mmoja anatabasamu, anadhani natania. Sikuwa hata nimepiga honi.

Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini pale niligundua kwamba mara zote hizo nilikuwa nacheza. Niliogopa kufa, ndiyo. Niliogopa wale watu wa nyanya. Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni yule mama nyuma, kwamba nitamuua mkwe, nitamuua kwa majivuno yangu, na msibani mjomba atakaa kwenye mkeka aseme, si niliwaambia. Mke wangu nitamtazamaje? Nitamwambia mama yako tulikuwa tunaongea na jogoo?

Ndipo nikasikia jina langu.

Mama mkwe hakuwahi kulitamka jina langu. Alilitamka lote, na la baba yangu akaunganisha, kwa sauti ya kuita mtoto aliyekaribia kisima. Kisha goti lake likawa begani kwangu, kanga ikanifunika jicho moja, na akaangukia kwenye kiti cha mbele, ubavuni kwangu.

"Kipi?"

"Hicho! Vuta, mama! Vuta!"

Nilimfokea mkwe. Akavuta kwa mikono miwili, na mishipa ikamtoka shingoni. Chuma kikaja nusu, kikagoma.

"Ina nguvu! Shika na wewe!"

Nikaibana gia kwa goti, nikaweka mkono wangu juu ya mikono yake, tukavuta pamoja. Chini ya sakafu kikaanza kulia kitu, harufu ya kuungua ikapanda. Nikalilaza gari kulia, likaanza kujisugua kwenye ukuta wa udongo uliochongwa kupitisha barabara. Mawe yakapiga bati, kioo cha pembeni kikang'oka, vumbi likaingia mpaka mdomoni. Yeye alikuwa anasema la ilaha illallah polepole, na mimi nilikuwa nasema mama, mama, mama.

Likasimama. Injini ikazimika.

Tulikuwa karibu na gulio kiasi kwamba niliweza kuona nyanya zipi zimeiva na zipi zimepondeka. Mwanamke wa beseni alikuwa amesimama katikati ya barabara, beseni bado liko kichwani, mdomo wazi.

"Usiachie," nikasema. "Ukiachia inarudi."

"Siachii."

Kwa hiyo hatukuachia. Watu wakaanza kupanda kuja kutuona, na walichokuta ni mwanamume wa makamo na mama mtu mzima wamekaa bega kwa bega, wameshikana mikono, wanatazama mbele. Gulio ni gulio. Kijana mmoja wa bodaboda akachungulia dirishani.

"Mzee, mbona umemshika bibi hivyo? Ndiyo mmetoroka?"

Wakacheka. Mwanamke mmoja akasema jambo kwa Kishambaa, wakacheka zaidi. Akaja mzee mwenye fimbo, akainama, akatutazama mikono yetu, kisha nyuso, moja baada ya nyingine. Huyo hakucheka. Alikuwa mtu wa desturi, nilimwona machoni.

"Huyu mama ni nani wako?" akaniuliza.

Nikisema mke wangu, ni uongo na aibu. Nikisema mkwe, mikono ile ndiyo hiyo, na habari ingefika shughulini Mashewa kabla yetu. Watu wa kuja hawajui mkwe. Nilimsikia yeye ubavuni anavuta pumzi.

"Mimi ni mama yake," akasema. "Huyu nimemzaa. Badala ya kutuuliza, leteni mawe mzuie tairi, au mnangoja tuwaangukie?"

Mzee akaondoa kofia. Wakakimbilia mawe. Nikayasikia yakiwekwa, moja moja, chini ya kila tairi, na mtu akipiga bodi kwa kiganja kusema tayari.

"Wameshaweka," mama mkwe akaniambia. "Achia."

Nikataka kuachia. Vidole havikukubali. Vilikuwa vimekauka juu ya mikono yake, mimi mwenyewe navitazama na si vyangu. Akavibandua yeye, kidole baada ya kidole, bila kuharakisha, na kila alichokibandua akakiweka juu ya paja langu. Nilipoinua macho nikamwona usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi, ambalo kwenye picha halionekani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, na alikuwa na hofu kama mimi, labda kunizidi.

Akashuka, akajifunga kanga vizuri, akapanda bodaboda ya yule yule kijana aliyetucheka, akamwambia Mashewa, na uende taratibu.

Nilibaki kwenye kiti. Watu walikuwa wanalizunguka gari, wanagonga bati, wanachungulia chini, wanasifia chuma cha zamani. Mwanamume mmoja aliyevaa saa kubwa akaniegemea dirishani.

"Mzee, hili unauza?"

Mkojo ulikuwa umenilowesha suruali, niseme tu. Nikashika usukani ili mikono ipate pa kukaa.

"Siuzi," nikamwambia, na sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani.