Walivyoipamba Baiskeli ya Mjomba

Juzi niliingia jikoni kwangu nikamkuta mwanangu wa kiume ameweka pedeli za baiskeli juu ya mizani yangu ya kupimia unga. Alikuwa ameketi kwenye kibao, katoni iko wazi mbele yake, anatoa kipande kimoja kimoja, anapima, anatikisa kichwa, anarudisha. Kiti hiki kizito, usukani ule afadhali, kishikio hiki cha chupa ni plastiki mbaya. Siku za Jumapili huenda mbio na wenzake, wamevaa nguo za kubana ambazo sitaki kuzieleza. Nilimfokea aondoe uchafu wake, kisha mwenyewe nikaichukua pedeli moja nikaipima kwa mkono. Ilikuwa nyepesi mno. Hapo ndipo puani kwangu ikaja harufu ya mafuta ya papa, ambayo hakuna aliyeyafungua nyumba hii wala mtaa huu.

Kama hukulelewa Malindi miaka ile ya themanini, rafiki yangu, nikueleze ulichokikosa, nawe ushukuru. Maini ya papa hutiwa kwenye debe, debe likaachwa juani mpaka maini yayeyuke yenyewe kwa kuoza. Mafuta yanayopatikana ni ya kupaka mbao za vyombo vya baharini zisiliwe na maji ya chumvi. Bibi yangu, aliyenilea katika nyumba yake ya mtaa wa Barani, hakuwa na chombo chochote baharini, lakini debe lake halikukosekana nyuma ya mlango wa jikoni. Aliyapaka kwenye bawaba, kwenye miguu ya vitanda kwa ajili ya mchwa, na mtoto akikohoa alipakwa kifuani. Asubuhi nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi ya mbaazi, mahamri yakichomwa karibu yangu, iliki ikinukia, lile debe nalo lilikuwa likitoa salamu zake. Mahamri yale nimeyala kwa kubana pua.

Nyumbani tulikuwa bibi, mimi, halati ambaye ni dada mdogo wa mama yangu, na mjomba, kaka yao. Mjomba alikuwa akiosha sufuria katika jiko la hoteli moja ya watalii. Alirudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, na hakuwa akilalamika, jambo ambalo hata utotoni lilinikera. Msimu mmoja Mtaliano aliyezoea kuja hotelini hapo alimwachia baiskeli yake ya mbio: fremu nyembamba ya buluu, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, magurudumu ambayo ungedhani hayawezi kubeba mtu mzima. Ilikuwa imekwisha. Matairi yamepasuka, mnyororo umeliwa na kutu, kiti kimebaki chuma, raba za breki hazipo.

Wakati huohuo mwalimu wa shule yetu alileta habari kwamba sikukuu itakapofika patakuwa na mashindano ya baiskeli kutoka Gedi mpaka Malindi mjini, na wawili wa kwanza watachukuliwa Mombasa kufanya mazoezi na timu ya mkoa. Watakaa huko, watalishwa huko, na wakifaulu watatafutiwa kazi. Mjomba aliisikia habari ile akaacha kutafuna. Alitaka kutoka katika lile jiko, na hakuwa na mlango mwingine.

Basi akaanza kutafuta vipuri, na huo ndio wakati pekee wa habari hii ninaoukumbuka kwa furaha. Duka la vipuri mjini, karibu na soko la zamani, liliuza vitu vya zile baiskeli nyeusi za kubebea magunia. Mwenye duka alimtolea kengele, madigadi, dainamo, stendi ya miguu miwili. Mjomba akakataa yote kwa upole. Matairi na mnyororo aliviagiza Mombasa kwa utingo wa basi, akampa vile vikuukuu viwe mfano, vimefungwa kwenye gazeti. Vilivyobaki alivichagua mwenyewe bila haraka. Alikuwa akishika pedeli moja mkono huu na nyingine mkono ule, amefumba macho, na mwenye duka anamtazama. Kiti alichokitwaa kilikuwa kidogo, cha ngozi ngumu, hata mimi nilikiona hakikaliki. Kwenye usukani alizungushia utepe mweupe wa pamba, akaukaza mpaka hapakuwa na kikunjo. Nilimuuliza mbona hataki kengele.

"Kila nitakachokitia hapa, mwanangu," akaniambia, "miguu yangu ndiyo itakayokibeba."

Ilipokamilika aliiegemeza kwenye ukuta wa uani, safi, haina kitu cha ziada. Ilinukia raba mpya. Kila nikitumwa maji nilikuwa nikipitia pale kuinusa, maana ndicho kitu pekee nyumbani mwetu kilichonukia hivyo. Ilikaa salama mpaka Ijumaa.

Kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani kimyakimya. Mtoto akizaliwa hutunzwa, bibi harusi hutunzwa, hata cherehani ya halati ilipokuja ilitunzwa. Jamaa na majirani huja, kila mtu na alicho nacho, na anayetunzwa hupokea kwa mikono miwili. Kukataa tunzo ni kumtukana mtu mbele ya watu. Tena lazima kionekane kinatumika, la sivyo aliyekitoa atajua umemdharau, na atakumbuka. Basi Ijumaa ile baada ya sala bibi alichoma ubani, akapitisha chetezo chini ya fremu, na watu wakaja kuitunza baiskeli.

Natamani ungeona. Halati alileta kifuniko cha kiti alichokifuma kwa sufu ya waridi, chenye vishada vilivyoning'inia pande zote. Jamaa zetu wa mtaa wa Shella walileta vioo viwili vya kando, na maua ya plastiki yaliyokuwa yamekaa sebuleni mwao tangu nizaliwe, vumbi limegandana na mavi ya nzi. Jirani yetu muuza samaki, wa mlango wa pili, yeye alileta keria. Ilikuwa ya chuma, kubwa, na ndiyo aliyobebea kapu la samaki miaka yote. Magamba yalikuwa yameshika kwenye maungio, na damu iliyokauka imejipaka juu ya kutu. Niliisogelea nikarudi nyuma. Mjomba aliipokea, akaitazama, akasema ahsante sana, akatabasamu. Tabasamu lile lilinichefua kuliko magamba.

Kisha bibi akaleta debe. Alisema mnyororo unaong'aa namna ile utaliwa na hewa ya bahari kabla ya mwezi kuandama, akachovya tambara, akaupaka mwenyewe. Hakuishia kwenye mnyororo. Alipaka meno ya gia, alipaka spoku. Mjomba alikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani alichokiomba kwa halati kwa kazi hiyohiyo. Nilimwona akikirudisha mfukoni.

Kuanzia siku ile baiskeli ilifuatwa na nzi. Mchanga wa vichochoro vya Barani ulinasa kwenye mafuta ukafanya uji mweusi, na kila mjomba alipokanyaga ulisikia unasaga. Alifanya mazoezi hivyohivyo, alfajiri, kabla ya kwenda kwenye sufuria zake, ile sufu imelowa jasho na kuanza kunuka kivyake. Nilimpenda mjomba kuliko mtu yeyote mle ndani, na siku zile nilikuwa nikimchukia.

Asubuhi ya mashindano nilitoka uani nikamkuta amechuchumaa na spana. Alikuwa ameshatoa vioo, maua na kifuniko cha kiti, amevipanga vizuri juu ya mkeka, na sasa alikuwa akifungua nati za keria. Moyo wangu ulijaa furaha. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, mswaki mdomoni, anatazama. Bibi naye alikuwa ametoka na birika la chai.

"Imekukosea nini hiyo keria?" bibi akauliza.

"Nzito, mama. Ni kwa leo tu. Nikirudi nitaitia tena."

"Na mwenyewe akikuona wapita mjini bila ya kitu chake, watu wote wakitazama?"

Bibi akateremsha sauti, maana jirani hakuwa mbali.

"Mashindano ni ya asubuhi moja, mwanangu. Yule ndiye atakayenichimbia kaburi."

Mjomba alikaa pale na spana mkononi. Nilimwomba kwa macho, nikamwomba tena. Kisha akaanza kuzikaza nati, na baada ya keria akarudisha vioo, maua na sufu. Jirani akatema mate yake ya mswaki, akaingia ndani. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikatapika, na bibi akasema ni mahamri ya jana.

Mimi na halati tulikwenda kusimama njia panda ya kuingilia mjini, mbio zilipoishia, ambapo wauza viazi vya karai na maji ya ukwaju walikuwa wamejipanga tangu mapema. Wa kwanza kutokea alikuwa kijana wa mtaa wa Muyeye, juu ya baiskeli nyeusi ya kubebea magunia. Alikuwa ameivua kila kitu, madigadi, stendi, keria, hata kifuniko cha mnyororo ameking'oa. Nyuma yake walikuja wawili wamebanana: mmoja mwenziwe wa Muyeye, na wa pili ni mjomba. Tuliisikia keria ikigonga kabla hatujamtambua. Vishada vilikuwa vikipepea, maua yakitikisika, na watu wakaanza kucheka na kupiga vigelegele, wengine wakimwita bwana harusi. Uso wake ulikuwa na ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, na mnyororo ule wenye uji wa mchanga ukaanza kuruka meno. Alishindwa kwa urefu wa gurudumu. Halati alishangilia, kwa sababu kifuniko chake kilionekana vizuri.

Wale wawili walikwenda Mombasa. Wa tatu alipewa mche wa sabuni na kupigiwa makofi, na kesho yake alirudi jikoni.

Sasa sikiliza sehemu inayonitia kinyaa mpaka leo. Hazikupita siku nyingi, jirani akaja kupiga hodi. Mashindano yamekwisha, alisema, na kapu lake lataabika bila keria. Jamaa wa Shella wakakumbuka kuwa vioo vile vilikuwa vya kijana wao, naye sasa avitaka. Halati alichukua kifuniko kwenda kukifua, nikaja kukiona kimevishwa mto. Hata maua yalirudi yalikotoka. Waliivua baiskeli mpaka wakaiacha vile alivyoitaka yeye, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Mjomba aliufungua mnyororo akauosha kwa mafuta ya taa kwenye karai. Yalitoka meusi, mazito, na vipande vya magamba vikielea juu. Aliusugua mpaka chuma kikang'aa, akautia mafuta ya cherehani, tone moja kila pingili. Alasiri akaniambia niende nikasimame njia panda. Nilisimama palepale, safari hii pamoja na mbuzi wa watu. Alipokuja kutoka upande wa Gedi sikusikia kitu. Alipita mbele yangu ameinama juu ya ule utepe mweupe, hewa ikanipiga usoni, nikageuka naye ameshafika mbali. Mwendo ule hakuna kijana wa Muyeye ambaye angeushika, lakini hakuna aliyeuona ila mimi. Tuliporudi nyumbani bibi alimuuliza kama amepita sokoni, maana nazi zimekwisha.

Mwaka uliofuata aliiuza. Duka la vipuri siku hizi lauza simu, na uani kwa bibi pamepandishwa ghorofa la kupangisha. Hata papa wenyewe nasikia wamepungua, kwa hivyo debe kama lile huenda usilipate ukilitafuta. Watu wa rika langu wakikutana husema zamani tulikuwa tukishirikiana, na hawasemi uongo. Mwanangu huchagua pedeli zake bila kuuliza mtu, na hajui jina la anayekaa mlango wa pili. Nikimwambia habari za kutunza hunitazama kwa huruma, nami sijui niitetee desturi ile au niitukane.

Mjomba aliosha sufuria mpaka mikono ikakataa. Alipofariki nilikwenda Malindi kumzika, nikakaa kwenye matanga na watu wa mtaa, na kila aliyekuja alikuwa na la kusema juu ya ile baiskeli. Walikuwa wakiikumbuka kwa mapenzi, walivyoipamba, alivyopendeza nayo mjini, jinsi alivyokaribia kwenda Mombasa. Jirani alikuja mwisho, mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu. Aliketi mbele yangu akanipa pole, kisha akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka barazani, "Keria ile nilimpa mimi, mwanangu. Bila ya mimi hakuwa na keria."

Watu wote walikuwa wakinitazama, na mzee anangoja. Nikampa mikono yangu yote miwili, nikamwambia, "Mungu akulipe, baba."