Shangazi Aliyeipima Timu ya Taifa

Shangazi yangu alikaa kwenye benchi la timu ya taifa ya wanawake kwa miaka tisa na hakuwahi kuielewa sheria ya kuotea. Nilimwelezea kwa vikombe na vijiko mezani, nikamchorea kwa chaki yake ya kukatia nguo, naye akawa anaitikia tu, "Enhe, enhe." Halafu siku ya mechi, mshika kibendera akiinua mkono, anauliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: "Sasa huyo mtoto kakosa nini?"

Alikuwa fundi cherehani, dada mkubwa wa baba yangu, mjane asiye na mtoto wa kumzaa, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Alishonea chumba cha mbele, mlango ukitazama barabara: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo chenye ufa pembeni, na pazia ambalo wateja walijaribia nguo nyuma yake. Kazi yake ilikuwa sare za shule na mapazia. Futikamba haikumtoka shingoni. Kuna siku alikwenda nayo msibani, akaja kugundua wakati watu wanatawanyika.

Nilipoitwa timu ya taifa, beki wa kushoto, nilirudi nyumbani na jezi niliyopewa. Zilikuwa jezi za wanaume, zilizobaki stoo msimu uliopita. Nikaivaa nimwoneshe. Alinizunguka mara moja, akavuta mabega yaliyokuwa yananing'inia karibu na viwiko.

"Hii umepewa uvae au ulalie?"

"Ndizo zilizopo, Shangazi."

"Na wenzako?"

"Wote hivi hivi. Kipa wetu anashika mpira kwa mkono mmoja, wa pili unashika kaptula."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Waambie waje," alisema. "Na jezi zao."

Walikuja wote ishirini na wawili, wakajaa chumbani, wengine wakakaa kwenye ngazi. Alimpima mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari lake, si majina bali alama anazozijua yeye: *bega la kushoto limeshuka*, *mapaja ya kazi*, *anatekenyeka*. Kitambaa cha jezi kilimtesa, maana kinavutika na sindano za kawaida zilikuwa zinaruka mshono. Alizunguka mji mzima kutafuta sindano za ncha butu. Kisha akafumua, akakata, akashona upya kwa siku mbili, akipunguza mabegani na ubavuni tu ili namba za mgongoni zisiguswe.

Mechi ya kwanza tuliyozivaa tulifungwa matatu bila. "Lakini mmefungwa mkiwa mmependeza," alitwambia. Kocha, ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliuliza nani kazishona, na baada ya wiki Shangazi akawa mtunza vifaa wa timu. Timu nzima ikamwita Shangazi. Mwalimu naye, mwenye mvi kumzidi, akamwita Shangazi.

Kila tulipoingia kambini alitupima upya. Ndivyo alivyogundua jambo la Kiberiti.

Kiberiti alikuwa mshambuliaji wetu, namba tisa, mfupi, mwembamba, na anawaka papo hapo. Mwaka wa tano wa Shangazi, wiki tatu kabla ya mechi za kufuzu, zamu ya Kiberiti ilifika. Shangazi akampima kifua. Akarudia. Akapima kiuno, akarudia mara mbili. Kisha akanigeukia mimi na wenzangu wawili: "Nendeni mkaniletee uzi mweusi."

Rili zima la uzi mweusi lilikuwa mezani, mbele ya macho yetu. Tulitoka bila kuuliza. Waliyozungumza nilikuja kuambiwa na Kiberiti mwenyewe.

"Kifua kimeongezeka vidole viwili, kiuno kimoja, mapaja yamebaki vile vile," Shangazi alimwambia. "Mwanangu, unene hauchagui namna hiyo. Unajua?"

"Najua, Shangazi."

"Mwalimu je?"

"Hajui. Nikimwambia nimekwisha. Nani amewahi kuzaa akarudi kwenye timu hii?"

Ilikuwa kweli. Nahodha wetu wa zamani alikwenda kujifungua, na namba yake akapewa mwingine kabla mtoto hajaanza kutambaa.

"Usinisemee, tafadhali," Kiberiti alisema, machozi yakimlenga.

"Mimi fundi, siyo gazeti," Shangazi akamjibu. "Ila kesho tunakwenda kliniki, mimi na wewe. Ukitoka huko utamwambia Mwalimu kwa mdomo wako. Na jezi yako utaikuta."

Mwalimu alipoambiwa hakugomba. Alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu humo, akasema, "Haya, kila la heri," kwa sauti ya kumuaga mtu asiyerudi. Tulicheza bila Kiberiti, tukatolewa.

Nakiri kwamba nilikuwa miongoni mwa waliomlaumu. Siku moja nilisema nyumbani, "Ametuangusha." Cherehani ikanyamaza.

"Aliyetuangusha ni wewe," Shangazi alisema, "uliyepitwa mara mbili upande wako. Nilikuona. Kuotea sikujui, lakini kupitwa nakujua."



Mshambuliaji mpya alipokuja aliomba namba tisa. Shangazi akamwambia iko kwa fundi.

"Fundi si wewe, Shangazi?"

"Ndiye mimi. Nina kazi nyingi."

Binti wa watu akavaa kumi na tisa mwaka mzima.

Kiberiti alijifungua mtoto wa kike. Daktari alipomruhusu, akaanza kukimbia barabarani kila asubuhi, akimwacha mtoto kwa Shangazi, kwenye kapu la vitambaa lililotandikwa shuka. Miezi ikapita. Pumzi ikarudi, miguu ikarudi, na jezi ikapimwa upya. Hapo Shangazi akamwita Mwalimu aje kujaribu koti lake. Alipokuwa mbele ya kioo, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, mwili mzima umejaa pini, Kiberiti akaingia na mtoto. Nilikuwepo. Mwalimu hakuweza hata kugeuka.

"Anataka kurudi," Shangazi alisema.

"Shangazi, timu ya taifa siyo mahali pa kulelea watoto."

"Huyu mtoto hataki nafasi ya mchezaji, Mwalimu. Anataka mapaja ya kukalia, na mapaja ninayo."

"Akilia je?"

"Wewe unapiga kelele dakika tisini. Nani amewahi kukutoa benchi?"

Kiberiti alishindwa kujizuia, akacheka. Mwalimu akajikaza kisabuni, kisha naye akacheka, pini ikamchoma ubavuni. "Wiki mbili za majaribio," alisema. "Mbili tu."

Hazikufika mbili. Siku ya nne alikuwa tayari amemwandika kwenye kikosi.

Mechi ya kutupeleka fainali za bara tulicheza kwetu, jua la saa tisa likituwakia utosini. Hadi mapumziko hakuna aliyeona nyavu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kiberiti alikaa kwenye kona akinyonyesha, na Mwalimu, kwa heshima, alitoa maelekezo yote akiwa ameukabili ukuta. Mwamuzi wa akiba aligonga mlango mara ya kwanza, akagonga mara ya pili. Mtoto kang'ang'ania, haachi. Shangazi akapenyeza kidole taratibu pembeni mwa mdomo wake, akamchomoa, na Kiberiti akatoka mbio huku akijifunga kamba za viatu.

Dakika ya themanini hivi alipokea mpira akiwa amelipa lango mgongo, akageuka katikati ya mabeki wawili, akapiga. Mpira uligonga mwamba. Mimi, ambaye sikuwa na kazi yoyote huko mbele, nilikuwa nimepanda kwa ubishi tu. Ulinigonga goti, ukaingia. Ndilo bao langu pekee katika maisha yangu ya timu ya taifa. Watu waliniangukia mpaka nikakosa hewa, na nilipoinuka kumtafuta Shangazi benchini, sikumwona. Alikuwa nyuma ya benchi, ameinama, anambadilisha mtoto nepi.

"Nani kafunga?" aliniuliza baada ya mechi.

"Mimi!"

"Usinitanie, mwanangu."

Fainali tulikwenda na kurudi mapema, lakini tulikwenda. Mwaka uliofuata wachezaji wengine wawili walirudi baada ya kujifungua, na kambini kikatengwa chumba cha watoto. Mwalimu mwenyewe nilimkuta humo siku moja, binti wa Kiberiti begani, anamtafunia kamba ya filimbi.

Shangazi aliacha kazi macho yalipokataa kutunga uzi. Kiberiti alicheza misimu sita zaidi. Binti yake sasa yuko sekondari, mrefu kumzidi mama yake, anapenda hesabu na kuogelea, na mpira hataki hata kuusikia. Kila Jumapili anakuja kumsomea Shangazi magazeti. Nilipomuuliza Shangazi kama haimsikitishi kwamba mtoto hachezi, alinishangaa.

"Muache apumzike," alisema. "Huyo alianza timu ya taifa akiwa na miezi kumi."