Msamaha Aliouomba Resham Katikati ya Foleni

Resham Singh Dhindsa ameendesha malori ya trela kutoka Brampton, Kanada, kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akifanya mbwembwe. Ni mtu wa kuvaa sweta hata mwezi wa sita. Akitaka kupiga miayo, karibu aliegeshe lori kwanza. Kwa hiyo siku karatasi ya polisi ilipomwita dereva wa mbwembwe, sisi tunaomfahamu tulicheka, tukadhani wamemchanganya na mtu mwingine. Tulipoisoma hadi chini, tukaona kwamba kwa sheria ya huku mbwembwe ni kosa kubwa la kuendesha kwa michezo ya hatari, tukaacha kucheka.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba. Alikuwa amerudi Jumamosi kutoka Winnipeg, safari ya siku nne, na asubuhi yake akaenda gurdwara, hekalu letu Masingasinga, kuosha masufuria, kwa sababu ilikuwa zamu ya familia yake. Alitoka huko mchana, mgongo umekufa ganzi, akapanda pikipiki yake kurudi nyumbani. Pikipiki hiyo ndiyo starehe pekee aliyojinunulia toka aingie Kanada, nayo ni ya aina ileile aliyokuwa nayo baba yake. Injini yake hupozwa na upepo. Ukitembea, inapoa, ukisimama juani, inakuchoma mapaja kama jiko.

Kwenye barabara kuu magari yalikuwa yamegongana mbele huko, na foleni ilikuwa imelala. Resham alisimama nyuma ya gari moja jeupe dakika kumi, ishirini. Jasho likashuka kutoka kwenye kilemba hadi machoni. Injini ikaanza kukohoa. Ndipo akafanya alichokuwa akifanya kila siku alipokuwa kijana Ludhiana, India: akaingia katikati ya safu mbili za magari na kupenya polepole, miguu chini, mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli. Kule Ludhiana ukikaa na pikipiki nyuma ya gari kwenye foleni, watu watakuuliza kama imeharibika.

Mtu mmoja akampigia honi. Mwingine akafungua dirisha, akamtukana. Alipofika mbele, polisi kijana aliyekuwa akiongoza magari alinyoosha mkono na kumsimamisha.

"Unajua kwa nini nimekusimamisha?"

Resham alizima injini, akashuka, akaunganisha viganja vyake kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Kosa langu. Kosa langu kabisa."

"Umewahi kuendesha hivi kabla ya leo?"

"Miaka kumi na moja, kila siku. Sijagusa hata kioo cha mtu."

Ludhiana hakuitaja. Kwa ule uchovu wake, hata hakufikiri kwamba ilihitaji kutajwa.

Sasa mtu asiyetujua atasema Resham alikiri. Hakukiri chochote! Kwetu, anayebishana na polisi barabarani atashinda pale hadi jua lizame. Mwenye akili huunganisha viganja, humwita askari mwanangu, husema kosa langu mara mbili, hugombezwa kidogo, huenda zake. Ni adabu tu, viganja vilevile vya kusalimia na kuagana, kama kuvua viatu mlangoni. Lakini yule kijana alikuwa na kamera kifuani, na kamera haijui adabu za watu.

Pikipiki ikapandishwa kwenye gari la kuvuta, ikafungiwa siku kumi na nne. Leseni ikachukuliwa palepale, siku thelathini. Gurmeet, mkewe, alikuja kumchukua na kumkuta amekaa kwenye ukingo wa chuma, sweta mapajani.

"Baba Jasleen, umegonga mtu?"

"Sijagonga."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Nilikuwa natembea kwa miguu, Gurmeet. Pikipiki nilikuwa naiburuta tu."

Siku thelathini zilikuwa kionjo. Inderpal, kijana wa jirani anayetetea kesi za barabarani, alimweleza mezani kwake kwamba akipatikana na hatia ya mbwembwe, leseni itaondoka mwaka mzima au zaidi. Leseni ni hiyo moja, ya pikipiki na ya lori. Na Bhullar, mwenye malori, alikuwa ameshasema kwa upole, tena akimkaribisha chai, kwamba lori haliwezi kumsubiri mtu mwaka mzima. Resham ana miaka hamsini na sita. Ametuma maombi ya kazi mara moja tu maishani, na aliyemjazia fomu alishafariki.

Inderpal akamwekea video ya polisi. Resham alijitazama: mzee mwenye kilemba kilicholowa, anaunganisha viganja na kusema kosa langu, kosa langu kabisa.

"Anko," Inderpal akasema, "huyu polisi hakuwa na haja ya shahidi. Shahidi umemletea wewe, na mikono yake miwili."

"Nilikuwa namheshimu."

"Najua. Mama yangu angefanya hivyohivyo. Ila nakuomba, Anko, siku ya kesi usimheshimu mtu. Jibu ulichoulizwa, halafu nyamaza."

Leseni ilirudi baada ya mwezi, huku akisubiri hukumu. Akaendesha lori vuli nzima kama mtu anayelala kwenye nyumba aliyopewa notisi. Akifika kwenye foleni anaacha nafasi ya magari matatu mbele yake, na wenzake wanamcheka kwenye redio: "Singh wa mbwembwe, sogea basi!" Pikipiki aliifunika turubai gereji, hakuigusa tena.

Kesi ikaja mwezi wa kwanza, asubuhi, kwa mtandao. Resham akakaa jikoni mbele ya kompyuta ya bintiye Jasleen, kavaa koti la harusi. Gurmeet alivuta kiti kando yake, nje ya picha, akamshika mikono yote miwili chini ya meza kama Inderpal alivyomwagiza.

Inderpal alikuwa amefanya kazi yake. Alimwonyesha mwendesha mashtaka karatasi ya miaka ishirini na miwili isiyo na doa, akamweleza na habari ya Ludhiana. Wakakubaliana: mbwembwe ifutwe, Resham akiri kosa dogo, kupita magari kwa namna isiyo salama. Atalipa faini, leseni inabaki.

Hakimu, mama mwenye miwani, akauliza taratibu, "Bwana Dhindsa, unakiri kwamba ulichofanya siku ile hakikuwa salama?"

Inderpal, kwenye kidirisha chake, akaacha kupepesa macho.

Barabarani Resham alisema kosa langu mara mbili bila kupumua, kwa sababu yalikuwa maneno ya adabu tu. Sasa alikuwa anaulizwa kweli. Naye kweli yake aliijua: miaka kumi na moja, hajagusa kioo cha mtu. Alikuwa mzee aliyechoka, juu ya injini ya moto, anatembea. Roho ilimuuma, na sitamlaumu. Gurmeet akamkaza vidole.

"Ndiyo," akasema Resham. "Hakikuwa salama."

"Una la kuongeza?"

Mikono ikajivuta chini ya meza, ikitaka kuungana. Gurmeet akaikandamiza kwa nguvu hadi kiti kikalia.

"Sina."

Hakimu akasoma alichosoma, akamtakia siku njema, akaita jina lingine. Inderpal alinyanyua dole gumba, akatoweka. Kioo kikawa cheusi.

"Umebaki na lori," Gurmeet akasema. Alikuwa analia kidogo. Akamwachia mikono ili ajifute macho, akainuka kuwasha jiko, maana zamu ya mumewe ilikuwa saa tisa alasiri na alikuwa hajala.

Alipogeuka na sufuria ya chai, Resham alikuwa bado amekaa palepale na koti lake la harusi, viganja vimeungana kifuani, kichwa kimeinama mbele ya kompyuta.

"Baba Jasleen, unamwomba nani tena? Wenyewe wameshazima."

"Najua," alisema. "Ila sikuwaaga."