Cherehani Isiyokuwa na Uzi

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Lubumbashi sikuwa na utulivu hata kidogo. Nilikuwa naandika memuari, tasnifu ya kumaliza masomo, kuhusu fuaye, zile nyumba ambamo kampuni ya shaba iliwafundisha wake za wafanyakazi kushona. Kurasa zangu nilizitoa katika vitabu vya watu ambao hawakuwahi kukaa katika kambi za wafanyakazi hao. Profesa aliyenisimamia akanirudishia zote.

"Citoyenne, hivi ni vyanzo vya pili," akasema, akiniita mwananchi kama desturi ya siku zile. "Watu wanasimulia walichosimuliwa. Cha kwanza kiko wapi?"

Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nacho ukutani kwetu: picha ya mama yangu, kijana bado, ameketi mbele ya cherehani, anacheka. Nikampelekea kesho yake.

"Naona mwanamke na cherehani," akasema. "Kushona sikuoni. Umemuuliza mwenyewe?"

Jamani. Nimuulize nini mtu aliyemwambia kila mgeni kwamba kushona alijifunza fuaye? Niliuliza hivyo hivyo, nimesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, nachelewa.

Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwetu. Hakugeuka.

"Ile mashini haikukuwa na uzi," akasema. "Balitukalisha, muntu wa picha akapiga, tukasimama. Kesho yake bakafunga mulango."

Nikavua kile kiatu. Maisha yangu yote nguo zetu zilishonwa na fundi wa sokoni, na sikuwahi kujiuliza.

"Usiandike," akasema. "Majirani batanicheka."

Wiki nzima nilibaki na kalamu mkononi. Nikiifuata picha, nadanganya. Nikimfuata mama, namvua nguo mbele za watu. Naandika, nachana, natoka nje, narudi. Nilimchukia profesa, nikaichukia na picha yenyewe. Mwishowe niliandika alivyoniambia, jina lake sikulitaja, nikamsomea kabla ya kuupeleka ukurasa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikangoja anikaripie.

"Iko vile," akasema. "Lakini kintu kimoja umesahau."

"Kintu gani, mama?"

"Kile kicheko. Hakikukuwa cha muntu wa picha. Nilikuwa nazani kesho batatufundisha. Andika na ile."