Mume wangu alikondeshwa na dawa ya kiungulia, mchawi nikaitwa mimi (Mpanda, miaka ya sabini)

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Waliobaki marahaba.

Nasoma humu watu wanasifia vidonge vya asidi, wanameza mwaka mzima bila kuuliza mtu. Nimechoka kunyamaza. Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Tulikaa Nsemulwa, mtaa wa pale Mpanda. Mume wangu alikuwa mpakiaji wa magunia pale stesheni. Kiungulia kilimtesa, akawa anatafuna vidonge vyeupe vya dukani. Vikiisha anakoroga magadi, haya haya ya kuwekea mlenda, anakunywa. Kila akila.

Kiungulia kikatulia.

Nyie mtasema si alipona. Subirini.

Tumbo likaanza kujaa kama ngoma. Akila kidogo linaunguruma, halafu anaharisha. Mwili ukaisha, suruali akawa anafunga kwa kamba.

Mama mkwe akanigeukia. "Mama Anna, unampikia nini mwanangu?"

"Ugali na mlenda, mama. Tunachokula wote."

"Mbona wewe unanenepa?"

Sikuwa nanenepa. Nilikuwa na mimba.

Ukoo ukaamua mume wangu awe anakula kwa mama yake. Akipata nafuu huko, basi mchawi ni mimi, nirudishwe kwetu Sibwesa, watoto wabaki.

Fikirini hapo. Mume akipona nafukuzwa, asipopona nabaki mjane. Kanisani nilikuwa napiga magoti tu, sijui niombe lipi.

Akazidi kukonda huko huko kwa mama yake. Magadi alikuwa nayo mfukoni, anakunywa kule kama alivyokunywa kwangu. Sasa shemeji zangu wakaanza kumtazama mama yao kama ndiye mchawi. Hapo ndipo mama mwenyewe akasema mgonjwa apelekwe hospitali.

Daktari akamuuliza anatumia nini. Akataja yote.

"Bwana, hiyo asidi unayoichukia ndiyo inaua vijidudu vinavyoingia na chakula," daktari akamwambia. "Umeizima kila siku, vimejazana kwenye utumbo mwembamba. Vinakula kabla yako."

Akamwachisha magadi na vile vidonge. Akampa kapsuli za kuua vijidudu, akamwambia ale mapema jioni, asilale na shibe. Mwili ukarudi polepole sana.

Mama mkwe hakuniomba radhi. Siku moja alikuja, akakaa jikoni kwangu, akasema, "Mama Anna, nipakulie."

Nikampakulia. Akala akamaliza. Ugali na mlenda ule ule.

Somo langu ni hili. Sijasema mtupe dawa, aliyeandikiwa na daktari afuate alivyoambiwa. Ila ukiona tumbo linajaa, unaharisha na unakonda, rudi umtajie kila unachomeza, hata cha jikoni. Msikimbilie kumtafuta mchawi.

Nawasikiliza. Hasa kina mama mliowahi kunyang'anywa mwiko kwa ugonjwa msioujua. Wa kejeli wapite kimya.